Bomba la Chini

"Mama, inua miguu!"

"Nikiinua tena nitapaa, Régis."

Mjomba Régis alisukuma kiti cha magurudumu cha bibi mara nyingine. Kikagonga, ngaa! Magoti ya bibi yalikuwa bado mbali na meza. Kizuizi kilikuwa lile bomba la chini, lililounga miguu miwili ya mbele ya meza, ambalo zamani bibi aliegemezea viatu vyake mpaka rangi ya kijani ikatoka.

Nyumba ile ya wazee iliruhusu kila mtu aje na samani moja tu kutoka kwake. Wengine walileta kochi. Bibi yangu Ghislaine alileta meza ya kuandikia, mbao juu, mabomba ya chuma chini, moja ya zile zilizojaa shule zote za bonde letu la mto Meurthe. Lakini hii haikutoka shuleni. Babu Fernand, mkunja mabomba kiwandani, aliitengeneza mwenyewe mwaka waliooana.

"Ungechagua televisheni kama watu wengine," mjomba akanung'unika.

"Televisheni inaongea. Baba yako hakuwa anaongea, na hii haiongei. Nimeshazoea."

Msimamizi alikuwa ametuambia, kwa upole kabisa, kwamba meza isiyokalika ni kikwazo tu chumbani. Ama bibi aikalie, ama irudi. Irudi wapi? Nyumba ilishauzwa. Ingeishia jalalani.

Bibi aliinama akalitazama lile bomba la chini. Halafu akasema, "Kata."

Tukaishusha uani. Ilikuwa Novemba, baridi inauma masikio, bibi kafunikwa blanketi mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa narekodi kwa simu, maana nilijua atataka kuwaonyesha wenzake. Mjomba akapiga msumeno wa chuma, kwiii, kwiii, huku anatukana chini chini. Bomba likakatika.

Mchanga ukamwagika.

Sikuelewa! Mchanga mkavu, laini kama unga, ulikuwa unatiririka kwenye saruji bila kuisha. Mjomba akaziba tundu kwa kidole gumba, ukatokea upande wa pili. Nikashusha simu.

"Ni mchanga wa kukunjia," mjomba akasema taratibu. Na yeye aliwahi kufanya kazi kiwandani pale. "Unajaza bomba ili lisibonyee ukilikunja. Ukimaliza unaumwaga. Mtoto wa juzi anajua hilo. Mzee alisahauje?"

"Hakusahau," bibi akasema.

Tukamgeukia.

"Sakafu ya jikoni yetu ilikuwa imeinama. Wiki ya kwanza nikalalamika, nikamwambia meza yako inatikisika kama mlevi. Akaibeba kwenda nayo kazini. Iliporudi ilikuwa nzito, imetulia tuli. Nikamwambia, haya, sasa ni meza nzuri." Akafuta pua kwa ncha ya blanketi. "Yeye akaendelea kunywa supu yake."

Mjomba alipiga magoti, akaanza kukusanya mchanga kwa viganja, haraka haraka, kama mtu anayeokota mayai. "Naurudisha, mama. Naujaza, nachomelea vifuniko, ndani ya saa moja..."

"Acha, mwanangu. Utaujaza wewe. Hautakuwa ule."

Mtunza bustani akatokea na toroli. Alikuwa hajui lolote, maskini. "Mchanga huu mnautaka? Usiku barafu inaganda, na ngazi za mlangoni ni hatari; nikiumwaga pale watu hawatateleza."

Mjomba alifungua mdomo amfukuze. Bibi akamwahi.

"Chukua."

Meza iliingia chumbani bila lile bomba, kiti kikaingia chini yake vizuri kabisa. Bibi aliweka kiganja juu ya mbao. Ikayumba kidogo. Akaondoa kiganja, na sikumwona akikiweka tena.

Majira yale ya baridi, kila nilipokwenda, nilimkuta dirishani, meza iko nyuma yake, kahawa imepoa. Alikuwa anatazama wazee wenzake wakishuka zile ngazi nyeupe kwa barafu na mikongojo yao, mmoja mmoja, mpaka wafike chini.

"Kaa," alikuwa ananiambia bila kugeuka. "Bado yule wa kofia."