Mti wa Nne wa Meya

Kiwanda cha betri kilipofungwa, mashine ziliuzwa, mabati ya paa yakauzwa, hata masinki ya chooni yakang'olewa yakauzwa. Kilichokosa mnunuzi ni mabaki ya tanuri la kuyeyushia risasi, ile metali ya betri yenye sumu. Yalisukumiwa shimoni nyuma ya kiwanda, yakafunikwa kwa tabaka nene la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake udongo mweusi, na juu kabisa nyasi. Ukiingia getini leo unaona kilima kidogo cha kijani kisicho na kazi yoyote.

Kazi kinayo. Chini ya mteremko kuna mtaa, na mtaa huo unakunywa maji ya visima. Mvua ikinyesha kilimani, udongo wa mfinyanzi unaizuia isifike kwenye risasi, maji yanateleza pembeni na kuingia mferejini. Siku yatakapopata tundu, yataifikia risasi, na kutoka hapo yataelekea visimani. Risasi haiozi. Kwa hiyo kifuniko hakina budi kubaki kizima hata siku ambayo hakuna atakayekumbuka kwamba hapo palikuwa na kiwanda.

Adui wa kifuniko ni mti. Mizizi ya nyasi huishia juu juu. Mzizi wa mti hushuka kutafuta maji, hutoboa udongo wa mfinyanzi, na mti ukifa huacha tundu pale ulipopita.

Kampuni iliyokuwa na kiwanda ilimwajiri mhandisi mmoja, mwanamke wa makamo, kulitunza eneo hilo. Hupima maji ya visima, huzibua mfereji, lakini zaidi hung'oa miche, kwa sababu ndege hula matunda kwingine na kuja kujisaidia kilimani. Ana shahada mbili. Mtaani wanamwita Mama Nyasi.

Baba yake, anayeishi naye, ndiye aliyekuwa msimamizi wa tanuri. Mpaka leo anaitwa Mzee Tanuri.

Kila mwaka meya wa mji alipanda mti kilimani. Mwaka wa kwanza mhandisi alimfuata msaidizi wa meya akamweleza kwamba hapo hapapandwi miti.

"Mama," msaidizi alisema, "wewe umewahi kusikia mti umemdhuru mtu?"

Meya akapanda, akapigwa picha, akaondoka. Mhandisi aliwapigia simu wakubwa wake. Walimwambia asigombane na meya, na asiuache mti ukue. Maagizo yote mawili aliyatekeleza: alisubiri wiki ipite, akaung'oa.

Mwaka uliofuata meya alikuta pameota nyasi tu. Alitikisa kichwa, akaagiza mwarobaini, mti mgumu zaidi. Wa tatu ulikuwa mgumu kuliko wa pili. Wa nne ulitoka jangwani, una miiba mpaka kwenye shina, na meya alitangaza kwa kipaza sauti kwamba mti huo huota hata juu ya mwamba. Mhandisi aliutazama akaona kwamba huenda ni kweli.

Mtaani waliamua kwamba ardhi imekufa. Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na geti, ndiye aliyelitangaza jambo hilo kwa kila kichwa kilichopita mikononi mwake.

"Mzee Tanuri," alisema siku moja, kibanda kimejaa, "kwani humo ndani mlikuwa mnapika nini? Hata mwarobaini umekata tamaa! Siku nyingine ukija kunyolewa, usiguse kiti changu, kisije kikakauka."

Watu walicheka. Mzee alimaliza kunyolewa, akashukuru, na hakurudi tena. Nyumbani alisema ameamua kufuga ndevu.

Wiki ya mti wa nne ilipotimia, mhandisi alipanda kilimani na koleo. Alimkuta baba yake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Udongo kuzunguka mti ulikuwa umelowa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Koleo la nini?"

"Baba, rudi nyumbani kidogo."

"Siendi. Tazama hapa, umechipua. Namwagilia kila asubuhi ukiwa visimani kwako. Huyu kinyozi safari hii ataumeza ule ulimi wake."

Mhandisi alichomeka koleo ardhini.

"Haikufa, baba. Ile mingine. Niliing'oa mimi."

Mzee alimtazama, kisha akautazama mti, kama vile mmoja wao angemweleza vizuri zaidi.

"Yote?"

"Yote mitatu. Huu ndio ninaoufuata."

"Kwa hiyo ardhi ni nzima."

"Ya juu ni nzima kabisa. Ukiachwa, utakuwa mti mkubwa kuliko yote hapa mjini. Ndiyo shida yake."

"Na ukaniacha nitukanwe na mtu wa mkasi."

"Hukuniambia umetukanwa. Ulisema ndevu zinakupendeza."

"Hazinipendezi," mzee alisema. "Zinawasha."

Kisha akauliza mizizi inafika wapi. Mhandisi alimweleza kuhusu udongo wa mfinyanzi na tundu na maji, bila kupunguza kitu. Alipomaliza, mzee alikuwa amegeukia mteremko. Paa la dada yake lilionekana vizuri kutoka pale.

"Kisima cha shangazi yako kikoje?"

"Nilikipima jana. Kisafi."

"Basi ung'oe huu mti. Ila si leo, wala si kwa kujificha. Ukiung'oa kimya kimya, mwakani ataleta mwingine, na mimi nitaendelea kuwa mtu aliyeua ardhi."

"Nikiung'oa mbele yake, atawapigia simu wakubwa wangu na kesho nitakuwa sina kazi. Nani atapima hivyo visima?"

Mzee alifikiri.

"Basi nitaung'oa mimi. Mimi hawawezi kunifukuza. Walishanifukuza."

Habari kwamba mti uko hai zilimfikia meya. Alikuja na wapiga picha siku ya tatu, na mtaa ukaja nyuma yao, kinyozi akiwa bado amevaa aproni. Meya alikuwa ameshika tawi kwa tahadhari, akitafuta mahali pasipo na mwiba, mzee alipojitokeza na koleo, akasema "Samahani, Mheshimiwa," akachimba.

Hakuna aliyemzuia. Kila mtu alidhani ni sehemu ya sherehe. Mti ulitoka wote, na mzee akaunyanyua juu ili uonekane. Shina lilikuwa la kufika gotini. Mzizi ulikuwa mrefu kuliko shina.

"Wewe ni nani?" meya aliuliza.

"Msimamizi wa tanuri."

"Tanuri lilifungwa zamani."

"Ndiyo. Nasimamia kilichobaki."

Mhandisi ikabidi aeleze tena, safari hii kwa watu wote. Alipotaja visima, watu wa mteremkoni waliacha kunong'ona. Meya alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile mitatu?"

"Mimi, Mheshimiwa. Ilikuwa inastawi."

Meya aliyatazama majumba ya mteremkoni, yaliyojaa wapiga kura, kisha akawatazama wapiga picha.

"Sasa mimi nipande nini?"

"Nyasi," alisema mhandisi.

Picha ipo. Meya amechuchumaa na kipande cha nyasi cha ukubwa wa sahani, anakibandika pale palipochimbwa, na uso wake ni wa mtu anayeziba pancha.

Jioni ile mzee aliingia kwa kinyozi akaketi kitini bila kuomba ruhusa.

"Ndevu zote," alisema.

Kinyozi alinyoa shavu la kwanza, akahamia la pili.

"Kumbe ardhi ilikuwa nzima, mzee wangu."

"Nzima. Ukiona mche kilimani unamwita nani?"

"Mama Nyasi."

"Akistaafu?"

Wembe ulisimama.

"Mzee, mimi ni kinyozi tu."

"Kibanda chako kinatazama geti, na maji ya kunyolea unayachota mteremkoni. Umri wako haufiki nusu ya wangu. Kuna mwingine unayemfikiria?"

Kinyozi alimaliza shavu.

Asubuhi alikuwa getini kabla ya mhandisi, amevaa ile aproni. Mhandisi alimfungulia, wakapanda. Kinyozi alitembea ameinama, akatafuta, akaona kitu chembamba cha kijani kimesimama peke yake. Alikishika kwa vidole viwili, akakivuta, akakionyesha.

Zilikuwa nyasi.

"Zirudishe," alisema mhandisi. "Tafuta tena."