Fundo la Kushoto

Alhamisi jioni, kabla hata hajavua viatu, mkaguzi wa mizani aligundua kwamba kuna mtu amegusa ufito wake wa kuvulia samaki.

Mwingine asingegundua. Ufito ulikuwa mahali pake ukutani, wa nne kutoka dirishani, umelala juu ya vigingi viwili vilivyozungushiwa kitambaa laini usije ukachubuka. Rili yake ya shaba, ya kukunjia mshipi, ilitazama upande uleule. Ila ndoana iliyoning'inia mwisho wa mshipi ilifungwa kwa fundo ambalo halikuwa lake. Yeye huzungusha mshipi mara sita kwenda kulia, akapitisha ncha, akalowesha kwa mate na kukaza. Hili lilizungushwa mara tano, tena kwenda kushoto.

Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Fundo lilikuwa lilelile.

Miaka ishirini na sita mtu huyu alikuwa akiingia madukani na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia, kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Hata akisalimiwa alisita kidogo kabla ya kuitika, kana kwamba salamu nayo huenda imepunjwa. Alipoingia mahali mazungumzo yalikatika, na watu wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine. Kwenye sherehe alialikwa kwa heshima ya mkewe, sista wa chumba cha upasuaji, ambaye mji mzima ulimpenda. Yeye mwenyewe alikuwa na rafiki mmoja tu, fundi saa, ambaye watu walimwita Shoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto.

Kila Jumamosi wawili hao walikwenda kuvua kwenye bwawa lililo nyuma ya mitambo ya maji, na fito za kawaida, vigoda viwili na chupa ya chai. Fito nzuri zilibaki nyumbani, katika chumba cha nyuma ambacho kwa watu wengine kingekuwa cha wageni. Humo kulikuwa na fito thelathini na moja, rili zilizopakwa mafuta, maboya ya kizibo, makopo ya ndoana zilizopangwa kwa namba, na visamaki vya mbao vya kuvulia vyenye macho ya kuchorwa. Ule wa nne kutoka dirishani ndio uliokuwa roho yake: wa vipande vya mianzi vilivyogundishwa kwa ustadi mkubwa, na mshipi wa hariri. Aliupata kwa mjane wa daktari mmoja, na hakuwahi kuutia majini hata siku moja.

"Bwana wee," Shoto alikuwa akimtania, "huo umeutundika kama picha ya marehemu."

Mlango wa chumba ulikuwa na funguo mbili. Mmoja mkaguzi aliuvaa kiunoni. Wa pili alikuwa nao Shoto, apate kuja kuzitia rili mafuta mwenzake anaposafiri kikazi. Mkewe hakuwa nao wala hakuwahi kuuomba. Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi. Ufunguo mmoja, shoto mmoja, fundo la kushoto. Mkaguzi alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akaihesabu tena.

"Nani alifika hapa jana?" alimuuliza mkewe wakati wa chakula.

"Sijaona mtu."

"Shoto je?"

"Shoto hajakanyaga hapa tangu mwezi uliopita," mkewe akasema, naye alikuwa amempa mgongo, anaosha sufuria. Mkaguzi akayapokea majibu hayo na kuyaweka kando, kama mizani ambayo atakuja kuirudia.

Kwa Shoto hakugusia jambo hilo. Wenye makosa huwashtukizi kwa kelele. Unawaachia nafasi wayarudie. Jumamosi walikwenda bwawani kama kawaida, na kutwa nzima alikuwa akiitazama mikono ya rafiki yake. Shoto alifunga ndoana mara mbili, mara zote kwa kushoto. Alipomwuliza, "Vipi leo, mbona kimya?" mkaguzi alijibu kwamba kichwa kinamuuma.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, aliitoa mizani ndogo aliyokuja nayo kutoka ofisini, ile ya kupimia dawa na vito. Akaifungua rili ya shaba kutoka kwenye ufito, akaipima pamoja na mshipi wake. Gramu mia nne na kumi na mbili. Akairudisha palepale, akafunga mlango, akaenda kazini, akawasumbua wauza mchele hadi jioni. Aliporudi aliipima tena. Mia nne na kumi na nane. Akapima mara tatu, na mara zote mizani ikasema vilevile.

Mshipi wa hariri hunywa maji. Ufito ulikuwa umefutwa vizuri kwa kitambaa, lakini mshipi ulizungushwa ukiwa mbichi, na ndani ya rili mlikuwa na gramu sita za bwawa. Mkaguzi alifurahi, na papo hapo akaumia, maana alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta na hakukitaka. Tena duka la Shoto hufungwa kila Jumatano. Mwenyewe husema anakwenda stesheni kuihudumia ile saa kubwa ya mnarani. Saa gani hiyo ya kuhudumiwa kutwa nzima?

Jioni ile mkewe alipika samaki. Mkaguzi alikula wawili na kufyonza miba.

"Watamu. Huyo muuzaji mizani yake ina muhuri?"

"Hana mizani," mkewe akajibu.

"Nipe jina lake nimpitie."

"Kula, mume wangu," mkewe akasema, akamwongezea mchuzi.

Alhamisi asubuhi mkaguzi alilikata lile fundo pamoja na ndoana yake, akalitia ndani ya bahasha ya ofisi na kuandika tarehe juu. Duka la Shoto lilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na fundi viatu: meza moja, taa ya shingo ya kupinda, benchi la wateja, na saa ishirini ukutani, kila moja ikisema yake. Wateja walikuwapo watatu, mwalimu mstaafu, dereva wa teksi na mama mmoja aliyepakata saa ya mezani iliyofungwa kwenye taulo.

"Karibu, bwana mkubwa," Shoto alisema, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. "Asubuhi yote hii, kwema?"

"Nieleze hii ni nini." Akaimwaga ndoana mezani.

Shoto akaigeuza kwa kibano. Mkaguzi alikuwa akimtazama usoni, na katika kutazama nyuso alikuwa bingwa. Akaona kitu kimepita pale haraka, kisha kimefichwa. Shoto alilijua lile fundo.

"Fundo zuri," Shoto akasema. "Ila si langu."

"Mji huu una mashoto wangapi?"

"Sijapata kuwahesabu."

"Mimi namjua mmoja. Ana ufunguo wangu, na kila Jumatano duka lake limefungwa."

"Jumatano niko stesheni, unajua hilo."

"Sawa. Nipe ufunguo wangu."

Hapo Shoto akaweka kibano chini. Aligusa mfuko wa shati, akafungua saraka ya meza, akaifunga. "Sinao hapa," akasema.

"Uko wapi?"

"Nitakuletea."

"Nimekuuliza uko wapi!"

Mwalimu mstaafu akaacha kupapasa mnyororo wa saa yake. Shoto akatoa kioo jichoni, akaongea kwa sauti ya chini. "Ndugu yangu, nenda nyumbani. Kanywe maji, kisha uzungumze na watu wa kwako."

"Watu wa kwangu hawaibi!" mkaguzi akafoka. "Mwizi ni wewe! Miaka kumi na minane nakufungulia mlango wangu, kumbe nafuga mwizi. Kuanzia leo tusijuane. Na nyie mnaomwachia saa zenu, mkizichukua zihesabuni na vyuma vya ndani."

Mama mwenye taulo akaivuta saa yake kifuani. Shoto aliyaona hayo, akainamisha kichwa juu ya kazi yake. Mkaguzi akairudisha ndoana ndani ya bahasha, akatoka. Alitarajia kujisikia mshindi, lakini njia nzima alijisikia mtu aliyeangusha kitu na haoni kimeangukia wapi.

Jioni mkewe alikuwa jikoni akichambua mchele. Mkaguzi alimsimulia yote, fundo, gramu sita, saa ya stesheni, ufunguo usioonekana, akipanga ushahidi mmoja juu ya mwingine. Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaliweka sinia chini, akaufuata mkoba wake wa kazini na kutoa ufunguo. Akauweka mezani.

"Shoto hana kosa," akasema. "Ni mimi."

Mkaguzi akacheka. "Wewe? Wewe na kuvua wapi na wapi?"

Mkewe hakubishana. Alichukua ile bahasha, akaitoa ndoana, akachomoa uzi kwenye kikapu cha kushonea, akafunga. Mkono wa kushoto ulikwenda mbio, mizunguko mitano, ukavuta. Fundo lile lile.

"Tangu lini wewe ni shoto?"

"Tangu nizaliwe. Mwalimu wangu wa kwanza aliufunga huu mkono kwenye dawati kwa kitambaa, muhula mzima. Nikajifunza kuuficha. Kula, kuandika, kusalimia watu, yote nikahamishia kulia. Ila kufunga fundo hakukuhama. Hata hospitali nyuzi nazifunga kwa huu."

"Miaka ishirini na miwili tunaishi wote!"

"Na miaka ishirini na miwili nakushonea vifungo mbele ya macho yako."

Mkaguzi aliutazama ule ufunguo mezani, na wivu ukampanda. Mkewe na rafiki yake, siri moja, ufunguo mmoja.

"Na yeye alijuaje?"

"Nilimpelekea saa ya wodini imefungwa kamba. Nikaifungua pale pale mezani kwake. Akaniambia, 'Kumbe shemeji ni shoto mwenzangu!' Hata dakika haikupita. Nilicheka mpaka nikatoka machozi. Ndipo nikamwambia natamani sana kuvua. Akasema nikuombe wewe. Nikamwambia nimeshakuomba mara tatu."

Alikuwa amemwomba kweli. Mara ya kwanza mkaguzi alicheka. Ya pili alisema samaki hawapendi maongezi. Ya tatu alikuwa akipaka rili mafuta na hakujibu kitu.

"Akaniazima ufunguo kwa sharti nikwambie mwenyewe. Kila tukionana ananiuliza, 'Shemeji, umeshamwambia?' Nami nasema bado. Leo umemtukana mbele za watu, naye amekaa kimya kwa ajili yangu."

"Huwa mnakwenda wote huko bwawani?"

Mkewe akageuka kumtazama. "Katika yote niliyosema, hilo ndilo unalouliza?"

Mkaguzi akaivua miwani na kuanza kuifuta.

"Nakwenda peke yangu, siku yangu ya mapumziko. Wiki ile kambare alikata mshipi akaondoka na ndoana yako, ndiyo maana nikafunga nyingine. Alikuwa mkubwa, nilipambana naye mpaka mikono ikafa ganzi. Nilirudi hapa sina wa kumsimulia." Akalivuta sinia lake la mchele. "Samaki wa jana uliowasifu ni wangu pia. Sasa nenda kamwombe mwenzio radhi."

Mkaguzi hakwenda siku ile, aibu ilimzuia. Alikwenda Ijumaa asubuhi na mapema, makusudi, wakati Shoto anafungua duka na hakuna mteja. Alimsaidia hata kuinua ule mlango wa chuma. Kisha akasimama katikati ya saa ishirini, kofia mkononi.

"Nimekukosea," akasema. "Mke wangu ameniambia kila kitu. Nimekukosea sana, ndugu yangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Shoto akasema, akawasha taa yake. "Tangu jana. Sina kinyongo na wewe."

Mkaguzi akashusha pumzi. "Basi kesho Jumamosi, bwawani…"

"Ngoja kwanza. Jana uliponiita mwizi, walikuwapo wangapi kwenye benchi hilo?"

"Watatu."

"Yule mama aliondoka na saa yake bila kutengenezwa. Mwalimu alisema atarudi, hajarudi. Jioni kinyozi aliniuliza kama ni kweli." Shoto alisema yote hayo bila kupandisha sauti, huku akipanga bisibisi zake. "Sasa unaniomba radhi wakati tupo mimi, wewe na kuta."

"Wale watatu nitawapata wapi mimi?"

"Hata wasiwe walewale. Watatu wowote. Benchi hilo hapo, kaa."

Mkaguzi akakaa. Alitamani kukasirika, akatafuta hasira yake na hakuiona. Saa zilimpigia makelele masikioni. Baada ya muda mlango ukazibwa na mtu mpana, naye alikuwa muuza nyama wa sokoni, yule yule ambaye mwezi uliopita mkaguzi aliikamata mizani yake ikipunja na kumfungia bucha siku nne. Muuza nyama alipomwona akarudi hatua moja nyuma.

"Hata humu kuna mizani?" akauliza.

Shoto hakuinua kichwa. Mkaguzi akasimama.

"Jana, hapa hapa, nilimwita huyu fundi mwizi," akasema. "Nilikosea. Hakuiba kitu. Ni mtu mwaminifu kuliko mimi."

Muuza nyama akaweka mkono nyuma ya sikio. Uso wote ulikuwa umemng'aa.

"Hebu rudia, mkaguzi. Upande huu sisikii vizuri."

Mkaguzi akarudia, kwa sauti iliyofika hadi kwa kinyozi. Muuza nyama akaivua saa yake mkononi, akaiweka mezani, akasema hana haraka nayo kabisa. Kisha akajikalisha kwenye benchi, akasogea kumwachia mkaguzi nafasi, na kukunja mikono kungoja.

"Bado wawili," Shoto akasema.