Ngazi za Nyumba ya Levi

Levi alipofariki, aliacha nyumba mteremkoni huko Uriri na ngazi sita mbele ya mlango, kila moja imelazwa slabu ya simiti aliyoimwaga mwenyewe. Mvua za masika ziliuosha mchanga wa chini, slabu zikaanza kucheza kama meno ya mzee. Mwezi wa tano mama yake, Priscilla, alianguka hapo akateguka mkono na nyonga. Tangu siku hiyo Lynnet, mjane wa Levi, alimteremsha mgongoni kila alipotaka kwenda choo.

Lynnet alimwita fundi Job. Job alizisukuma slabu kwa kidole cha mguu, kisha akakataa kwa upole. Alisema nyumba ya mjane ambaye hajarithiwa na ndugu wa mumewe haiguswi na fundi, hata kwa msumari mmoja. Wa kuitengeneza ni yule atakayemrithi. Na huyo alijulikana. Barnabas, kaka yake Levi, alishatangaza kwamba siku atakayoingia humo atatengeneza ngazi na paa kwa pamoja.

Lynnet hakumtaka. Hakuwahi kulitamka hilo mbele ya watu. Lakini kila alipomteremsha mama mkwe wake slabu zilicheza chini ya miguu yake, naye alijua kwamba siku wakianguka wote wawili, atakubali tu.

Jumatatu alichukua mtaimbo. Levi alipokuwa akijenga, yeye ndiye aliyemkorogea simiti. Alianzia juu, karibu na mlango: aling'oa slabu, akachota tope, akajaza kokoto na kushindilia, akailaza upya ikiwa imeinama kidogo mbele ili maji yasituame. Alipofika ya tatu, za chini ziliteleza na zile alizokwisha kulaza zikafuata. Alikaa juu ya karai akalia bila sauti. Kisha akazing'oa zote, akaanzia chini, safari hii akiziunga kwa simiti. Priscilla alimtazama kutoka mlangoni.

Alasiri Barnabas akafika.

"Nyar Karungu," alisema, akimwita binti wa kule ziwani alikozaliwa, "kwenu mnajua samaki. Simiti umefunzwa na nani?"

Lynnet aliendelea kugonga slabu ya mwisho. Barnabas alimwambia kwamba anawaletea chira, ile laana inayokausha watu wa boma mmoja baada ya mwingine. Kisha akainua mguu apande.

"Usikanyage," Priscilla alisema. "Bado ni mbichi."

"Mama, hata wewe?"

"Mimi ndiye niliyeanguka hapa, Barnabas. Ulinikuta chini, ukamwambia huyu afikirie haraka kuhusu kurithiwa. Hukuniinua kwanza. Ukitaka kuwaita wazee, waite. Nitawaambia nyumba hii imepata wa kuitengeneza."

Barnabas aliurudisha mguu chini. Akaondoka bila kuaga.

Siku ya nne Priscilla aliteremka mwenyewe, ngazi moja moja, mkono mzima ukiwa kwenye ukuta wa kando ya ngazi. Lynnet alimtangulia kinyumenyume bila kumshika. Slabu hazikutikisika. Ng'ambo ya ua, majirani walikuwa wameacha kupalilia, wakitazama.

"Watasema, nyathina," Priscilla alisema. Hakuwahi kumwita mtoto wake kabla ya siku hiyo.

"Najua, Mama."

"Basi niletee kiti. Nitakaa hapa nje wanione."