Machozi ya Kicheko

Kila mgeni aliyefika kituo cha watoto yatima alimpenda Kicheko papo hapo. Binti huyo wa miaka mitatu alimkimbilia yeyote, awe fundi bomba au mkaguzi, akajipandisha mapajani na kucheka. "Huyu hana neno kabisa," mkuu wa kituo alijisifu.

Daktari wa akili za watoto ndiye pekee aliyeingiwa na baridi. Alijua kwamba mtoto anayemkimbilia kila mtu hana mtu wake. Akamwomba mlezi mmoja, mama wa makamo ambaye watoto wote walimwita Shangazi, amfanye Kicheko wake: amwogeshe yeye, amlishe yeye, amlaze yeye.

"Na nikimzoea?" Shangazi aliuliza.

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo, mama."

Ilichukua miezi. Kisha asubuhi moja Shangazi alipoaga, Kicheko aliangua kilio, akang'ang'ania sketi yake, akakataa hata biskuti. Daktari alikaa sakafuni akiwatazama, karibu apige vigelegele. Hatimaye mtoto alikuwa na mtu wa kumlilia.

Lakini kilio kile kilimchosha mkuu. "Daktari, nilikupa mtoto mzuri, umenirudishia king'ora!" Akamhamishia Shangazi kwa vichanga, jengo la pili, na kumkataza kukanyaga kwa watoto wakubwa. Daktari alieleza, akabembeleza, mwisho akapandisha sauti. Akaenda hadi ofisi ya ustawi wa jamii. Huko akajibiwa kwamba mambo ya zamu ni ya kituo chenyewe.

Kicheko alilia mlangoni mpaka sauti ikamkauka. Akasusa chakula. Baadaye akaacha kulia, na mkuu akamshukuru Mungu.

Daktari alikuwa hajakata tamaa bado. Aliomba, akakubaliwa kwa shingo upande, kumpeleka mtoto uani Shangazi akianika nepi. Shangazi alitupa beseni, akachuchumaa, mikono wazi. "Mwanangu! Njoo kwa Shangazi!"

Kicheko alimtazama kama anayetazama ukuta. Akageuka, akaketi chini, akaanza kujaza mchanga kwenye kopo.

Shangazi aliokota nepi moja moja, machozi yakimdondoka. "Daktari," alisema bila kuinua uso, "mwanzo alikuwa hajui anachokosa. Kwa nini ulinituma nikamfundishe?"

Daktari akainama, wakaokota pamoja.