Mvua ya Mfaume

Mwanaamina, mfugaji wa kijiji cha Janga, hakuja kulalamika mikono mitupu. Alibeba mfuko wa salfeti begani, akaufungua juu ya meza ya Flaviana bila kuomba ruhusa, na ndani mkaonekana kuku waliokufa, shingo zimepinda, manyoya ya nyuma yamegandwa na kinyesi cha kijani.

"Shikamoo mama," Flaviana alisema, huku akisogeza kompyuta yake pembeni.

"Marahaba. Hawa wamepigwa chanjo yenu ya mdondo, mwanangu. Sasa niambie wamekufa na nini."

Kabla Flaviana hajajibu, meneja Evodius alipaza sauti kutoka ofisi ya ndani. "Mwambie chanjo ilitoka salama. Mfumo unaonyesha. Ataiacha juani yeye mwenyewe halafu atulaumu sisi!"

Evodius alikuwa mtu wa namna hiyo. Kompyuta ikishasema, basi imesema. Ungeweza kumwambia paa linaungua, na yeye angetaka kwanza aone kama mfumo una habari.

Mfumo wenyewe haukuwa na maajabu. Kampuni ilitotoa vifaranga Mbwawa, Kibaha, ila chanjo zilitunzwa kwenye ghala lao la zamani Kisarawe. Kila asubuhi mtunza ghala wa huko alitakiwa kutazama kipimajoto cha friji na kuandika alichokiona. Mfumo ulikusanya namba, ukazigeuza rangi. Evodius akiona kijani, mzigo unatoka. Akiona nyekundu, mzigo unabaki. Ofisi nzima, pamoja na viyoyozi vyake na vikao vyake, ilimtegemea mtu mmoja Kisarawe, kwamba asubuhi ametazama kweli. Na alasiri ya siku hiyo mzigo mwingine ulikuwa utoke kwenda kwa wafugaji wa Magindu.

Flaviana alimgeuzia Mwanaamina kioo cha kompyuta ili angalau ajionee. Kazi ya kuutunza mfumo ilikuwa yake tangu alipoajiriwa katikati ya mwaka, na Kisarawe kwenyewe hakuwahi kufika. Mtunza ghala alimjua kwa maandishi tu: Mfaume. Wengine wote waliotumia mfumo sehemu ya maoni waliiacha wazi, lakini Mfaume hakukosa neno. Leo mbu wametuchosha. Leo mama muuza maandazi kajifungua mapacha. Flaviana alimpenda mtu huyu asiyemjua. Mara kadhaa alimjibu, akamtania hata, na Mfaume hakuwahi kumrudishia neno. Akamhesabu kuwa ni mtu wa haya.

"Huyu hapa," alisema. "Leo asubuhi. Nyuzi nne, ndivyo inavyotakiwa. Na maoni yake: Mvua tangu alfajiri, njia ya Maneromango haipitiki. Kichwa kinaniuma."

Mwanaamina alimtazama kama anayetazama mtoto aliyepandwa na homa. "Mvua ipi? Binti yangu kaolewa Kisarawe. Jana kanipigia analia, kisima kimekauka. Vuli ya mwaka huu nani kaiona?"

Flaviana alitazama nje. Mihogo iliyopandwa kando ya uzio ilikuwa imenyauka, na vumbi lilikuwa limetanda mpaka kwenye ngazi za ofisi. Akarudi kwenye maandishi, akayasoma tena. Kisha akainuka, akaenda kusimama mlangoni kwa Evodius.

"Bosi, naomba namba ya simu ya Mfaume."

"Mfaume yupi?"

"Wa Kisarawe. Ameandika leo asubuhi."

Evodius alivua miwani. Safari hii hakupaza sauti. "Mfaume tulimzika Desemba iliyopita, Flaviana. Mimi mwenyewe nilitia udongo."

Miezi yote hiyo Flaviana alikuwa akimtania nani? Alirudi mezani kwake. Kwenye kioo, kando ya jina la Mfaume, palikuwa na kinukta cha kijani, kile cha kuonyesha kwamba mtu yuko kazini wakati huo. Alikitazama mpaka macho yakamwuma. Kitengo cha utumishi kilikuwa kimeshamwondoa marehemu kwenye orodha yao siku zile zile za msiba, lakini mfumo wao na ule wa ghala haikuwa inazungumza, na hakuna aliyekumbuka kwenda kuupa wa pili taarifa ya kifo.

"Basi huo mfumo utakuwa umekwama," Evodius alisema kutoka ndani, sauti ikijitafutia nguvu. "Ushughulikie. Na mzigo wa Magindu usichelewe."

Flaviana alimwomba Mwanaamina asubiri, akachukua kompyuta yake na kumwita dereva wa pikapu. Walikata kwa njia ya Kiluvya, vumbi likiingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Njiani alishika rozari mfukoni na kujionea aibu, maana chuoni alifundishwa kwamba kila ajabu ya kompyuta ina mtu nyuma yake. Ndiyo, lakini hawakumwambia mtu huyo lazima awe hai. Walipokaribia Kisarawe alijikuta anatafuta dimbwi barabarani, hata dogo, lolote la kumhakikishia kwamba mvua ilinyesha. Hapakuwa na hata tope la kuchafua ndala.

Ghala lilikuwa wazi. Kwenye kiti cha mtunza ghala alikaa msichana mwembamba, kibandiko cheupe cha dawa ya maumivu kwenye paji la uso, na kichwani amevaa kofia ya kiume, ya kufumwa kwa mkono, imempwaya mpaka masikioni.

"Karibu dada," alisema.

"Ahsante. Namtafuta Mfaume."

"Ndiye mimi."

Wakati huo huo aliingia mtoto wa kike wa kama miaka minne, kikombe cha chai kikimtetemeka mikononi, akakiweka mezani kwa uangalifu wote. "Baba, chai yako," akamwambia yule msichana, kisha akatoka mbio.

Flaviana alikaa bila kukaribishwa. Alijitambulisha, akasema anatoka Kibaha, ni yeye anayeutunza mfumo. Msichana alisikia neno mfumo, akaonekana kama mtu aliyesubiri kwa muda mrefu mlango ugongwe. Akavua kofia, akaipakata.

"Zamani niliitwa Kudra," alisema. "Mfaume ni mjomba wangu, kaka wa mama. Kwenye arobaini yake wazee walikaa, wakanivika hii. Kwenye ukoo wetu jina halifukiwi na mtu, linapewa anayebaki. Toka siku hiyo mke wake ananiita mume, yule mtoto wake Zuleha ananiita baba. Wakaniambia, kazi ya mwenzio uishike kama alivyoiacha. Usiongeze, usipunguze."

"Na kazini?"

"Bosi Evodius aliniajiri kwa nafasi yake. Nikamwuliza kuhusu akaunti, akasema harakaharaka nitumie ya mjomba mpaka aje mtu wa mifumo. Sidhani kama anakumbuka." Alimtazama Flaviana bila lawama. "Basi nikaishika kama alivyoiacha."

Kudra akageuza kompyuta ya ghala ili mgeni aone, na Flaviana akaelewa, akashika kichwa. Kurasa mbili zilikuwa zimefunguliwa kwa pamoja. Upande mmoja tarehe ya leo. Upande wa pili tarehe hiyo hiyo, mwaka jana. Kila asubuhi Kudra alisoma alichoandika mjomba wake siku kama hiyo, akakinakili neno kwa neno, nyuzi, mvua, mbu, mapacha wa muuza maandazi ambao sasa walikuwa wanatembea.

"Kipimajoto hukitazami?"

"Nakitazama. Toka friji ife nakitazama."

Flaviana aliinuka, akaweka kiganja kwenye mlango wa friji. Ulikuwa na uvuguvugu wa ukuta uliopigwa jua. Chanjo zote zilikuwa ndani, zimepangwa vizuri, zimeshaharibika kwa joto, sawa na maji tu. Zilizotangulia ndizo zilizokwenda Janga kwa Mwanaamina.

"Kudra, hukusema?"

"Nilimpigia bosi. Si mara moja. Anajibu, mbona mfumo unasema nne, wewe unabishana na mfumo?" Aliibana kofia kwa mikono yote miwili. "Na mimi kuibadilisha ile namba niliogopa, dada. Nikiandika yangu, mjomba atakuwa wapi? Lakini sasa angalia mbele."

Alifungua ukurasa wa mwaka jana wa siku inayofuata. Flaviana akasoma: Homa imezidi. Namwachia Kudra funguo. Baada ya hapo palikuwa patupu.

"Jana niliandika mwili umechoka, nikalala mchana kutwa," Kudra alinong'ona. "Leo nimeandika kichwa, na kichwa kikaanza hapo hapo, kabla sijaondoa mkono. Kesho nitaandika hiyo homa. Keshokutwa je, niandike nini? Au ndiyo sitaandika?"

Kucheka kungekuwa rahisi, kama angekuwa ofisini Mbwawa. Pale, mbele ya friji iliyokufa na msichana aliyekuwa anajisogeza kaburini kwa kunakili, Flaviana aliogopa kweli, na akaionea hasira kampuni nzima, akianza na yeye mwenyewe, aliyefurahia maneno matamu asiulize yanatoka kwa nani.

Kwanza alimfungulia Kudra akaunti, kwa jina lake. "Nenda kwenye kipimajoto. Unachokiona ndicho unachoandika."

Kudra alitazama, akarudi, akaandika thelathini na moja kwa kidole kimoja. Mstari wa Kisarawe ukageuka mwekundu. Mzigo wa Magindu haukuwa na pa kutokea tena, Evodius apende asipende.

Ilibaki akaunti ya Mfaume. Mfumo ule haukujua majina yanayorithiwa wala arobaini. Uliuliza swali moja tu juu ya mtu, yupo au hayupo.

"Ukibonyeza hapo anakwenda?" Kudra aliuliza.

"Alishakwenda, mdogo wangu. Jina lako la nyumbani siligusi, hilo ni la wazee wako. Ila humu hatakiwi kuendelea kuandika."

"Sikuwahi kumlilia," Kudra alisema ghafla, kana kwamba ndiyo kwanza amegundua. "Msibani nilikuwa jikoni, napika. Baada ya hapo nikawa yeye. Unajililiaje?"

Flaviana alimshika mkono. Wakabonyeza pamoja, na kile kinukta cha kijani kikazimika.

Kilio kilichomtoka Kudra kilikuwa cha msibani hasa. Kilipasua mchana. Wanawake wa nyumba za jirani walikimbilia ghalani kama walivyolelewa kufanya, kanga vichwani, wakauliza nani amekufa. Kudra alikuwa akilia tu. Ikabidi mgeni ajibu.

"Mfaume," Flaviana alisema.

Hakuna aliyemwambia kwamba habari hiyo ina mwaka. Walimtazama Kudra, kofia iko sakafuni, wakaelewa kwa namna yao, wakakaa chini kumzunguka na kuanza kulia naye.

Zuleha alipenya katikati ya kanga zao. Akasimama mbele ya Kudra, akamwinua uso kwa viganja vyake vidogo.

"Baba, unalia nini?"

Kudra alijifuta kwa kiganja, akamvuta mapajani.

"Baba yako amekufa, Zuleha," alimwambia. "Mimi ni dada yako Kudra."