Kulisha Ukuta

Kwenye televisheni, katika mechi ya futiboli ya Kimarekani, mtupa mpira wa Washington aliangushwa tena, na Habib akajipiga ngumi ya goti kana kwamba mbavu zilizoumia ni zake.

"Umeona, Zefania? Nani kamlinda pale? Hewa!"

Zefania alikuwa jirani yao wa ghorofa ya chini, Mkristo wa Moshi ambaye hajawahi kufunga hata siku moja wala kukosa kufuturu hata siku moja. Alicheka. "Bwana Habib, hela zote zikiishia kwenye mapande ya watu ya kusimama mbele, mpira atadaka nani? Timu inunue mbio, inunue mikono. Wale wa mstari wa mbele hata mpira wenyewe hawaugusi."

"Ndiyo kazi yao, wasiuguse! Wewe ukijenga nyumba unaanza na mapazia?"

"Hakuna anayekata tiketi akatazame ukuta."

"Mimi nakata." Habib akamnyooshea kidole mwanawe aliyejilaza kwenye sofa. "Na ukuta wangu huo hapo."

Jikoni, Ummu aliyasikia hayo huku akikaanga kaimati. Kijana wao, Riyadh, alichezea chuo kimoja cha huko huko Maryland walikoishi, mstari wa mbele. Kabla ya likizo kocha alimwambia arudi akiwa mzito zaidi, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Riyadh akasema atafunga Ramadhani vilevile. Habib hakubishana naye. Alimgeukia mkewe akasema neno moja: "Mlishe."

Ummu akamlisha. Uji mzito wa sukari, tambi za nazi, maziwa ya tende, kaimati zinazoogelea kwenye shira. Kuanzia futari hadi daku mtoto hakupumzishwa taya. Na bado suruali zilimlegea kiunoni. Ummu akailaumu saumu, akaongeza shira.

Nahla, binti yao, aliingia jikoni. Kiswahili alikielewa chote, akakijibu chote kwa Kiingereza. "Mama, kaka kaenda chooni tena. Mtu hajanywa tone tangu alfajiri. Anakojoa nini?"

Mkono wa Ummu ukasita juu ya karai. Akazima jiko, akaenda sebuleni, akamwinamia mwanawe aliyekwisha kurudi kwenye sofa. Pumzi ya Riyadh ilinukia utamu, kama matunda yaliyoachwa yakaiva kupita kiasi. Siku zote hizi alikuwa akijiambia ni mdomo wa mfungaji.

"Una nini, mwanangu?"

"Kiu, Mama."

"Nani hana kiu hapa?" Habib alisema bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Vumilia, bwana mkubwa. Magharibi hiyo inaingia."

"Baba Riyadh, hii si kiu ya saumu. Nampa maji."

"Mwache amalize siku yake."

"Mgonjwa hafungi."

"Mgonjwa? Mwenye mabega yale?" Habib akamgeukia Zefania. "Unasikia? Ndiyo maana timu zinabomoka. Ukuta ukisikia kiu kidogo, unabembelezwa!"

Zefania akacheka. Riyadh naye akajaribu kucheka. "Namaliza, Mama," akasema, na Ummu, kwa kuona haya mbele ya mgeni, akarudi jikoni.

Adhana ilipolia kwenye saa ya ukutani, alimmiminia juisi ya ukwaju, bilauri kubwa, sukari imejaa. Riyadh akainywa kwa pumzi moja. Akanywa ya pili. Akaomba jagi.

"Ukuta unafyonza!" alisema Zefania, na wote wakacheka, Ummu pia.

Kisha Riyadh akatapika kwenye zulia. Akaanza kuhema, pumzi ndefu za haraka, kama aliyekuwa uwanjani mchana kutwa. Ummu alimwita, hakuitika. Habib akampitisha mikono makwapani, akatanua miguu kama mtu anayenyanyua jokofu, akavuta, na almanusura aanguke kinyumenyume. Mtoto aliinuka naye kirahisi. Chini ya ile fulana pana hapakuwa na uzito wowote.

Hospitalini daktari alisema ni kisukari, na kwamba kipimo cha kwanza kilishindwa hata kuisoma sukari ile, jinsi ilivyokuwa juu. Mwili wa kijana ulikuwa ukijila wenyewe. Akauliza: amekuwa akila nini?

Ummu ndiye aliyejibu. Alianzia kwenye uji. Daktari aliandika, akaandika, kisha akaacha kuandika. Ummu hakuacha. Alikuwa hajafika kwenye shira pale mlango wa ndani ulipofunguliwa na daktari wa pili akatoka, akawataka wakae chini.

Hawakukaa. Aliwaambia hivyo hivyo, wamesimama, kwamba Riyadh amefariki.

Zefania alikuwa karibu na mlango. Mikononi alishika bakuli la kaimati lililofunikwa kwa kitambaa. Alilichukua mezani walipokuwa wakitoka mbio, akiwaza Riyadh ataamka na njaa.