Kinu Kilipotulia

Asubuhi ile Mama Mashine aliweka kiganja juu ya injini kama mzazi anayempima mtoto homa, akakuta chuma kimepoa. Hakushangaa. Pipa la dizeli lilikuwa tupu tangu juzi; ukilipiga teke, lilikujibu kwa sauti ya tumbo lenye njaa. Hata hivyo kiganja kilikwenda chenyewe. Mkono una mazoea yake, nayo mazoea hayasikii habari za mjini.

Nje, wanawake walipita na mahindi kichwani. Zamani wangekata kona na kuingia. Sasa walimsalimu haraka haraka, macho chini, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya mchumba aliyemwacha, kisha wakakaza mwendo kuelekea kwenye kinu cha tajiri wa ng'ambo ya barabara kuu, ambaye bado alipata mafuta. Hakuwalaumu. Dereva wa lori la mafuta alikuwa amekwisha kumwambia ukweli, tena kwa uso wa msiba: "Mama, nimekuletea haya kwa heshima yako tu. Huko yanakochimbwa visima vinakauka, na haya machache yanayobaki yanakwenda kwa wenye nguvu. Usinisubiri tena."

Injini ile ilifungwa na marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Dizeli. Hata siku ya harusi yao alinukia dizeli kwa mbali, chini ya marashi, na bibi harusi akaipenda harufu ile kabla hajajua kwamba ataifua maisha yake yote. Ilipowashwa kwa mara ya kwanza, mabati yalitetemeka, kuku wakahama, na vikombe vya nyumba ya jirani vikacheza kabatini. Toka hapo, ndani ya chumba cha kinu hapakuwa na mazungumzo. Ukitaka kusema na mtu, umwekee mdomo sikioni.

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya ndoa yao. Mume na mke wengine mchana kutwa hawagusani hata kidole, watu wasije wakasema. Hawa wawili waliishi shavu kwa shavu mbele ya foleni ya wateja, na hakuna aliyethubutu kuwaita wakosefu wa adabu, kwa sababu ilikuwa kazi. Mke akitaka kumwuliza mumewe kama unga umelainika, ilimbidi amsogelee mpaka ndevu zimchome. Wakati mwingine alijua vizuri kwamba unga umelainika. Aliuliza tu.

Kelele ile ilikuwa na faida nyingine. Alipoudhika, Mama Mashine alimpa mumewe mgongo, akafunga mifuko ya unga huku akimsema waziwazi, neno baada ya neno, nayo injini ikameza yote. Ikifika jioni hasira ilikuwa imekwisha kusagwa pamoja na mahindi. Hata wateja hawakusalimika: aliwachekea meno yote nje, huku mdomo ukitoa mambo ambayo, laiti yangesikika, watu wangehama mtaa.

Binti yake alimkuta pale pale, kiganja juu ya chuma. Alikuwa fundi umeme, na kwa wembamba wake na kazi yake watu walimwita Waya.

"Shikamoo, mama. Nimeshapima paa. Linatosha."

"Marahaba. Linatosha nini? Kuezuliwa?"

"Paneli, mama. Za jua. Mota ndogo tunaiweka hapa, betri kule pembeni, na hili zee tunalipumzisha."

"Hili zee ndilo lililokusomesha! Baba yako angekusikia..."

"Asingenisikia. Lingekuwa linanguruma."

Mama Mashine alicheka bila kutaka, kisha akajikasirikia kwa kucheka. Waya akaona mlango umefunguka kidogo, akaingiza mguu.

"Kitendawili."

"Tega."

"Hafiki kwa lori, hawekwi kwenye pipa, hana foleni wala mwenyewe, na kila asubuhi yuko juu ya paa letu anangoja kazi."

Jibu lilikuwa wazi. Hata kuku angelitegua. Na huyu ndiye mama aliyemlea Waya kwa vitendawili, aliyekuwa akijibu kabla mtegaji hajameza mate. Alitazama mwale mwembamba uliopenya kwenye tundu la bati ukaangukia injini, akatazama pembeni.

"Kimenishinda."

"Mama!"

"Nakupa mji. Chukua mji mzima na watu wake. Mimi niachie mashine yangu."

Hakuwa akiogopa paneli. Alikuwa amezika mume mara moja, na alihisi kwamba siku boliti zile zitakapofunguliwa, atamzika tena, safari hii pasipo hata mtu wa kumpa pole. Nani humpa pole mtu kwa kuondokewa na kelele?

Mambo yaliamuliwa na mshonaji, shoga yake wa tangu usichana. Alikuja na mahindi yake, akatua mzigo, akaketi kwenye benchi la mlangoni.

"Dizeli hamna, shoga," Mama Mashine alimwambia.

"Najua."

"Sasa umekaa kufanya nini?"

"Nakungoja uamue. Magoti yangu hayavuki barabara kuu, na nyumbani hamna hata unga wa kumdanganyia mtoto. Usihangaike, nimekuja na sindano yangu."

Akatoa shati, akaanza kushona vifungo. Alishona mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni. Mama Mashine aliingia ndani, akatoka, akafagia palipokwisha kufagiwa, akaingia tena. Hatimaye alimwazima shoga yake debe la unga wa nyumbani kwake, kisha akamwita binti.

"Kinu kinabaki kile kile?"

"Kile kile, mama. Mawe yale yale, mkanda ule ule. Anayesukuma ndiye mgeni."

"Haya. Lakini boliti nalegeza mimi."

Akazilegeza mwenyewe, moja moja, kwa spana ya marehemu.

Siku ya kuanza, Waya alibonyeza kitufe, na mota ikavuma kama nyuki aliyeshiba. Mawe ya kusagia, ambayo miaka yote hakuna aliyewahi kuyasikia, yakaanza kunong'onezana. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mshonaji. Mama Mashine alipokea mzigo wake, akatia mkono ndani, akapapasa punje, akamchekea shoga yake meno yote nje, na kama ilivyokuwa desturi akapaza sauti:

"Mabichi kama kawaida! Mwanamke huyu angeanika mahindi kama anavyoanika siri za watu, unga wake ungeshinda poda!"

Foleni nzima iliganda. Waya alijifunika uso. Mama Mashine alibaki mdomo wazi, kama mtu aliyevua nguo gizani, taa ikawaka.

Mshonaji alimtazama kwa utulivu. "Kumbe miaka yote hii, ukinichekea vile, ndiyo uliyokuwa ukisema?"

"Si kila siku, shoga," alijibu kwa sauti ndogo. "Siku nyingine nilikuwa nazisema nguo ulizonishonea."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika ng'ambo ya barabara kuu. Mshonaji alicheka mpaka akashika benchi. Alipopata pumzi, alifuta machozi kwa upande wa kanga.

"Nyote wawili mlikuwa na tabia moja. Mzee Dizeli naye alikuwa akisema."

"Akimsema nani?"

"Wewe. Ukimpa mgongo, ukifunga mifuko, yeye anakutazama, midomo inacheza. Anasema, anasema. Mwanzoni nilidhani anakuita. Lakini hakuwa akikuita, maana ukigeuka tu, ananyamaza."

Mama Mashine alishika ukingo wa kinu. "Akisema nini?"

"Shoga yangu," mshonaji alisema kwa upole, "ningesikiaje?"

Wateja walihudumiwa, wakaondoka na unga wao wenye joto. Alasiri ilikuwa bado na jua la kutosha. Waya aliinama kukaza nyaya za betri, na alipotaka kuzima mota mama yake akamwashiria aiache kidogo. Pale ilipokuwa injini palikuwa pamebaki mraba mweusi wa mafuta yaliyozama kwenye saruji. Mama Mashine alisimama mbele ya mraba huo, vumbi la unga likimtua mabegani. Kisha akaanza kusema. Alisema polepole, kwa sauti ya chini ambayo chumba kile hakikuwahi kuisikia, na alikuwa na mengi.

"Unasema na mimi, mama?"

"Hapana, mwanangu. Endelea na kazi yako."

Waya alimtazama mgongo kwa muda. Kisha akaokota spana, akainama tena, akawa anaigonga gonga kwenye chuma pasipo haja, ili kuwe na kelele kidogo ya kumsitiri mama yake.